Maswali ya Wasomaji: Okestra ya saa kumi na robo

Kikundi kimoja cha wapigaji wa okestra cha Mtwara mjini kinaandaa matamasha sita ya alasiri, moja kila mwezi, yote Jumapili. Kilituandikia barua mbili kuomba ushauri, na habari zilipoenea barua nyingine zikafuata kutoka Mikindani, Lindi na Masasi. Tumezijibu zile zinazoweza kuwafaa wengi.

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Tupo watu 22. Wazee wa kamati wanataka tuanze saa 12 jioni kama shughuli za harusi, vijana wanataka saa 9 alasiri. Tufuate kauli ipi, na msimu uanze mwezi gani? (Katibu wa kikundi, Chuno, Mtwara)

JIBU: Ndugu katibu, hata mmoja asifuatwe. Hesabu ianzie kwenye adhana. Kwa Mtwara, adhana ya alasiri huwa kati ya saa 9 na robo na saa 9 na dakika 45 hivi, kutegemea mwezi. Magharibi ndiyo inayosogea zaidi: mwishoni mwa Mei na mwezi Juni jua huzama dakika chache tu baada ya saa 12, ilhali mwishoni mwa Januari hukaribia saa 12 na dakika 50. Mkitaka saa moja isiyobadilika msimu mzima, anzeni saa 10 na robo na mmalize saa 11 na nusu. Aliyeswali alasiri atawahi kufika, na wa magharibi hatatoka katikati ya wimbo.

Saa 9 ukumbi wa bati bado ni tanuri, na joto hilo linavuruga sauti za ala. Hewa ikipata joto, sauti husafiri kasi zaidi ndani ya bomba, na ala ya kupuliza hupanda karibu senti 3 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi (nusu toni, yaani hatua ndogo kabisa kwenye kinanda, ni senti 100). Wakati huohuo nyuzi za chuma za fidla hutanuka na kushuka. Klarineti inakwenda juu, fidla inakwenda chini, msikilizaji anadhani hamkufanya mazoezi. Kwa hiyo msitune nyumbani wala nje chini ya mwembe. Ingieni ukumbini dakika 30 kabla, wa kupuliza wapige taratibu kwa dakika 10 ala zipate joto la pumzi, ndipo mtune kwa nota ya A ya mitetemo 440 kwa sekunde. Kama mna kinanda cha umeme, wote wakifuate, maana chenyewe hakimfuati mtu.

Saa 12 nayo ina gharama zake: taa, jenereta ya akiba, mbu, na bodaboda ya usiku kwa mama mwenye watoto watatu. Faida kubwa ya tamasha la alasiri ni kwamba umeme ukikatika tamasha linaendelea. Wekeni viti vya wapigaji karibu na madirisha, mwanga utokee ubavuni, na hamtahitaji hata balbu moja.

Msimu uwe Juni hadi Novemba. Mvua za kusini huanza kushika Desemba na kuendelea hadi Aprili, na mvua kubwa juu ya bati lisilo na dari haiachi fidla isikike hata mstari wa mbele. Juni hadi Agosti hewa ni kavu na ya baridi kidogo, na wakulima wanaopuliza salfa kwenye mikorosho hufanya kazi hiyo alfajiri, hivyo Jumapili alasiri wana nafasi. Oktoba minada ya korosho inapoanza mifuko hutuna. Tamasha mnalotaka kulipishia kiingilio kikubwa liwekeni hapo, msiliweke Juni. Kila mwezi chagueni Jumapili ya kwanza, mishahara ikiwa bado haijaisha.

Ramadhani huwahi kwa siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo kwa miaka kadhaa ijayo haitagusa msimu huu. Kinachogusa msimu wenu ni ratiba ya ligi. Simba na Yanga wakikutana Jumapili hiyo, ahirisheni bila aibu. Hata mpiga besi wenu hatakuja.

SWALI: Tuna fidla 11, viola 3, chelo 3, besi kubwa 1, klarineti 2 na tarumbeta 2. Obo hatuna, honi hatuna. Kuna aliyetushauri tufungue msimu na Simfoni ya Tano ya Beethoven. Inawezekana? (Mwongozaji wa kikundi hichohicho)

JIBU: Mwongozaji, mwaka huu hapana. Simfoni hiyo, iliyopigwa hadharani mara ya kwanza Vienna tarehe 22 Desemba 1808, sehemu yake ya mwisho inataka tromboni tatu juu ya ala nyingine zote, na urefu wake ni zaidi ya nusu saa. Fidla 11 zitamezwa. Mpangilio wenu unafanana sana na okestra ndogo za miaka ya 1760 na 1770: nyuzi, obo mbili na honi mbili. Tafuteni humo.

Pendekezo letu la kufungulia ni Simfoni ya Kwanza ya Mozart, K. 16 (K ni namba ya orodha ya kazi zake), aliyoiandika London mwaka 1764 akiwa na miaka minane. Ina sehemu tatu, na yote haizidi robo saa. Ufunguo wake ni E-flati (flati hushusha nota nusu toni, shapu huipandisha), na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuichagua. Klarineti zenu bila shaka ni za B-flati: mpigaji akisoma C, inayotoka ni B-flati, kwa hiyo nota zake ziandikwe toni moja juu. Simfoni ya E-flati kwake inakuwa F, flati moja tu. Mkichagua simfoni ya A meja, ambayo fidla huipenda, klarineti wataangukia B meja yenye shapu tano na mtapoteza mwezi mzima hapo. Kikundi kichanga kifuate funguo za F, B-flati na E-flati kila inapowezekana. Wa fidla watanung'unika kidogo, lakini vidole vyao vinazoea haraka kuliko vya mpiga klarineti.

Klarineti zichukue nota za obo. Honi kazi yake igawiwe tarumbeta, ila kwa tahadhari. Nota za honi ya E-flati zishusheni hatua tano mnapoziandika kwa tarumbeta ya B-flati, yaani C ya honi iandikwe F iliyo chini yake, na ile itakayoangukia chini ya F-shapu ya chini kabisa ya tarumbeta ipandisheni oktavu. Wapige wakiwa na viziba vya sauti kwenye tundu pana la mbele la ala, nusu ya nguvu yao ya kawaida. Honi hujaza katikati, tarumbeta hupasua mbele. Mtu akisahau hilo, viola hazitasikika hadi Novemba.

Baada ya hapo, katika programu hiyohiyo, wekeni wimbo wa nyuzi peke yake ili midomo ipumzike. K. 525 ya Mozart ya mwaka 1787 ina sehemu nne na huchukua kama dakika 17. Tamasha la Oktoba lipewe konseto ya tatu kutoka Majira Manne ya Vivaldi, yaliyochapishwa 1725. Ni ya F meja, ya dakika 11 hivi, na inahusu wakulima wanaosherehekea mavuno. Watu waliotoka mnadani hawatahitaji maelezo marefu. Inataka fidla mmoja hodari wa mbele, na kinanda au chelo ya kushika besi.

Jumla ya muziki isizidi dakika 50. Ongezeni mapumziko ya dakika 15 na dakika 8 za kutuna, kusalimia na kutambulisha nyimbo, na mnafika saa 11 na nusu kasoro dakika chache. Hizo mlizobakiza ni za mgeni rasmi.

Jukwaa la mita 8 kwa 6 linawatosha. Fidla ya kwanza sita, ya pili watano, watu wawili kwa stendi moja, anayekaa upande wa ndani ndiye anayefungua ukurasa. Ukihesabu hivyo, nyuzi zinahitaji stendi 11 na wapulizaji 4, jumla 15. Nunueni vibanio vya nguo 60, vinne kwa kila stendi, kwa sababu ya feni. Viti visiwe na mikono; kiti cha plastiki cha mikono humzuia mpiga fidla kushusha kiwiko cha kulia, na mpiga chelo hawezi kabisa.

SWALI: Asalaam aleikum. Nina fidla ya marehemu baba. Kila masika vigingi vinakwama, upinde haukazi, na sasa ubavu umeachia pembeni. Fundi samani ameniambia ataubandika kwa gundi ya mbao kwa dakika tano. Nimpe? (Msomaji, Mikindani)

JIBU: Waaleikum salaam. Usimpe, tafadhali. Fidla hubandikwa kwa gundi ya ngozi ya mnyama, inayolainika kwa maji ya moto, na imewekwa dhaifu kwa makusudi. Mbao ikivimba kwa unyevu au ikisinyaa kwa ukavu, kiungio huachia kabla ubao haujapasuka. Kiungio kilichoachia fundi wa ala anakirudisha kwa gundi ileile na vibanio, na mwaka mwingine kikiachia anakirudisha tena. Ukiweka gundi nyeupe ya mbao au ile ya kukauka papo hapo, mara ijayo kitakachopasuka ni uso wa fidla wenyewe. Kwa sasa legeza nyuzi zote nusu toni hadi toni moja, usiipige, iweke ndani ya boksi lake mpaka umpate fundi wa ala. Wapo Zanzibar na Dar es Salaam, kwa sababu taarab haijawahi kuishi bila fidla.

Usizitoe nyuzi zote kwa pamoja. Ndani ya fidla, chini ya mguu mmoja wa daraja linalobeba nyuzi, kuna kijiti kilichosimama kwa kubanwa tu, hakina gundi. Mgandamizo wa nyuzi ukiondoka wote, kijiti huanguka na sauti huwa kama ya boksi la biskuti. Badilisha uzi mmoja, kaza, ndipo uende wa pili.

Kigingi kinachokwama kitoe polepole, kipake sabuni ya mche iliyokauka pale kinapogusana na tundu, kirudishe. Kinachoteleza kipake chaki. Fidla moja inaweza kuhitaji sabuni Machi na chaki Agosti, hilo ni jambo la kawaida. Unapokaza, sukuma kigingi kuelekea ndani huku unazungusha. Wengi huzungusha bila kusukuma kisha wanalaumu masika.

Upinde usiokaza ni dalili ya nywele kurefuka kwa unyevu. Usilazimishe skrubu mpaka mwisho, itakatika. Legeza upinde kila umalizapo kupiga, na unapokaza acha nafasi ya unene wa penseli kati ya mti na nywele katikati ya upinde. Kama hata hapo haufiki, nywele zimechoka, zibadilishwe.

Fidla hupenda unyevu wa asilimia 40 hadi 60, na pwani yetu hupita hapo miezi mingi. Pakiti mbili za vidonge vya silika, gramu 50 kila moja, ndani ya boksi lililofungwa zinasaidia sana. Zikibadilika rangi zikaushe kwenye oveni kama saa mbili na uzirudishe. Asiye na silika akaange mchele mkavu bila mafuta dakika 10, aupoze, atie kikombe kimoja kwenye soksi safi na abadilishe kila wiki. Nguvu yake ni ndogo kuliko ya silika lakini ni afadhali. Boksi likae kwenye rafu ya ukuta wa ndani, si sakafuni wala juu ya kabati chini ya bati. Na futa nyuzi kwa kitambaa kikavu cha pamba kila unapomaliza, kwa sababu jasho na chumvi ya bahari huzila nyuzi za chuma, na wa E ndio wa kwanza kukatika. Mwenye tamasha awe na E mbili za akiba mfukoni.

SWALI: Nilipiga makofi muziki uliponyamaza, watu wakanigeukia. Nilikosea nini? (Ligula, Mtwara)

JIBU: Simfoni ina sehemu tatu au nne zenye kimya katikati, na desturi ya leo ni kungoja sehemu ya mwisho. Desturi yenyewe si ya zamani sana. Mwaka 1778 Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris akifurahi kwamba watu walipiga makofi katikati kabisa ya sehemu ya kwanza. Wanaotaka kimya waandike kwenye karatasi ya programu idadi ya sehemu. Ukiwa na shaka, tazama mikono ya mwongozaji. Akiishusha kabisa na kugeuka, piga.

SWALI: Shikamooni. Mimi ni mwalimu wa kwaya. Vijana wangu saba wamepewa fidla na wanasoma nota za solfa tu, d r m. Je, waendelee hivyo kwenye okestra? (Masasi)

JIBU: Marahaba, mwalimu. Waanze hivyo, wasiishie hapo. Solfa ya kwaya zetu ina do inayohama, na nyuzi za fidla hazihami. Wimbo ukiwa D meja, nyuzi nne kuanzia nene ni fa, do, so, re. Ukiwa G meja zinakuwa do, so, re, la. Ukiwa F meja ni re, la, mi, ti. Kwaya hubadili ufunguo mara moja au mbili katika wimbo mzima na mwalimu anaandika do mpya juu ya mstari. Simfoni hubadili kila baada ya mistari michache na mara nyingine bila kutangaza, na hapo kijana wa solfa hupotea huku vidole vyake vikiwa sahihi kwa wimbo wa jana.

Chukua wimbo wa kwaya wanaoujua kwa moyo, wa D meja. Wiki mbili za kwanza waupige kwa solfa. Wiki ya tatu waandikie wimbo huohuo kwenye mistari mitano, solfa ikiwa chini yake kwa penseli. Kuanzia wiki ya tano futa penseli nusu ukurasa kila mazoezi. Kisha rudia kwa G. Kwa mazoezi matatu kwa wiki, miezi mitatu inatosha mtu kushika fidla ya pili katika wimbo mwepesi. Kosa linalochelewesha watu ni kuwabandikia namba za vidole mwaka mzima: wanasoma namba, nota hawazioni.

Kama fidla ni chache kuliko vijana, wapokezane kila dakika 20. Okestra ya Kimbanguiste ya Kinshasa, iliyoanzishwa 1994, ilianza kwa ala za kupokezana.

SWALI: Sisi wa Lindi ukumbi hatuna, ufukwe tunao. Tamasha la nyuzi nje litasikika? (Lindi mjini)

JIBU: Litasikika mkikubali watu 150, si 1,000, na mkipanga mambo matatu.

Kwanza maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hujaa karibu na saa 10 alasiri, yaani saa yenu hasa, na mawimbi yanakuja kupiga mgongoni mwenu. Wekeni siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Alasiri hiyo maji yametoka na bahari imenyamaza. Mvuvi yeyote atawapangia tarehe bora kuliko kalenda.

Pili upepo. Sauti hubebwa upande upepo unakokwenda, hivyo okestra ipe bahari mgongo na wasikilizaji wakae upande wa mji. Ubaya wake ni kwamba wapigaji watatazama magharibi, jua likiwa machoni. Tafuteni sehemu yenye jengo refu au miembe upande huo, la sivyo simamisheni turubai nyuma ya watu. Karatasi za nota msizitie kwenye plastiki inayong'aa. Kwa jua la saa 11 haisomeki.

Tatu ukuta. Nje hakuna kinachorudisha sauti. Bodi za plaiwudi nne au tano za futi 8 kwa 4, zikisimamishwa nyuma ya wapigaji na kuinamishwa mbele kidogo, zinasaidia kuliko spika mbovu. Mkiamua kutumia maikrofoni, mbili zinatosha, mita mbili mbele ya fidla na urefu wa mita mbili na nusu, zikiwa na sponji za upepo. Msimpe kila mpigaji yake; mtu wa mitambo atakuwa anapigana na miluzi badala ya kusikiliza.

SWALI: Tunaweza kuchanganya taarab na sindimba na okestra, au tutaharibu vyote? (Mpiga fidla, Lindi)

JIBU: Taarab yenyewe ni okestra. Ikhwani Safaa ya Zanzibar ipo tangu 1905, na fidla, chelo na besi si wageni humo. Tatizo ni makamu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu. Rasti na Bayati zina sauti zinazokaa katikati ya nusu toni; fidla na kanuni (ala ya nyuzi nyingi ya taarab) huzitoa, klarineti hupata shida, kinanda na kodiani za kawaida hazina kabisa. Mkichagua Rasti, wa kinanda na wa kupuliza wanyamaze au washike besi tu. Nahawandi na Ajamu hazina mgogoro huo, anzeni nazo.

Sindimba ni suala la nguvu. Ngoma moja inazifunika fidla kumi bila jasho. Wapiga ngoma wakae nyuma kabisa, angalau mita nne kutoka fidla za mwisho, kwenye mkeka. Ngozi ikaushwe motoni nje ya ukumbi wakati wa mapumziko, maana ikilegea kwa unyevu hutoa sauti ya debe. Na mwongozaji afuate ngoma, asitake ngoma imfuate. Hapo ndipo wengi wenye shahada za muziki huumbuka.

SWALI: Je, tunahitaji ruhusa kupiga nyimbo hizi? (Mikindani)

JIBU: Kwa sheria ya Tanzania hakimiliki hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mozart alifariki 1791 na Vivaldi 1741, kazi zao ni huru. Mpangilio mpya wa wimbo huo unaweza kuwa na mwenyewe, kwa hiyo tumieni nota za zamani au pangeni wenyewe. Taarab ya mtunzi aliye hai, au aliyefariki juzi, inahitaji ruhusa, ulizeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kwa vibali vya kikundi na vya onyesho lenyewe anzeni kwa afisa utamaduni wa halmashauri, atawaelekeza kuhusu BASATA, baraza la sanaa la taifa. Nendeni mwezi mmoja kabla.

SWALI: Nina watoto wa miaka mitatu na mitano. Nije nao? (Mama wa watoto wawili, Shangani)

JIBU: Njoo nao, mama. Kaa pembeni karibu na mlango, mstari wa nyuma wa kulia ukitazama jukwaa. Mara nyingi hapo ndipo besi na chelo zinapoonekana vizuri, na watoto hupenda kutazama ala kubwa. Wape maji kabla, karanga zisizo kwenye mfuko wa nailoni, na panga kutoka wakati wa mapumziko. Mdogo akilala kabla ya hapo, mwache alale.